Chuma kilichomo mguuni, je, kinashika kutu?

Pita pale Mwanga au Ujiji, kaa dakika kumi kwenye kijiwe cha bodaboda, halafu uliza nani kati yao ana chuma mwilini. Hutakosa mmoja. Mwingine atakuonyesha kovu refu la paja, mwingine la muundi. Ukienda upande wa michikichi utakutana na waliodondoka wakikata ngazi za mawese, nao wana vyuma vyao. Mfupa umevunjika, daktari ameweka msumari wa chuma ndani ya uboho au pleti na skrubu pembeni ya mfupa, na maisha yameendelea.

Swali linalofuata ni lile lile kila mahali: hivi kile chuma kikikaa humo miaka kumi hakitashika kutu?

Majibu yanayozunguka mtaani ni mawili. La kwanza: "Hicho ni stenlesi, hakishiki kutu hata siku moja." La pili: "Kitaoza humo ndani kikupe sumu, bora uende kwa mganga wa kuunga mifupa." Majibu yote mawili yana kasoro, na yote mawili yanaweza kumgharimu mtu. Anayeamini la kwanza anapuuza maumivu yanayorudi baada ya miaka. Anayeamini la pili anakataa upasuaji ambao ungemrudisha kazini, na anabaki na mguu uliopinda.

Jibu sahihi lina sharti ndani yake: inategemea chuma gani, kimekaa wapi, na majimaji ya mwili yanapitaje hapo kilipo. Hilo la mwisho, yaani namna majimaji yanavyopita, ndilo linalosahaulika zaidi. Makala hii inahusu hilo. Twende taratibu.

Kwanza, kutu ni nini hasa?

Chuma kikiwa kwenye maji, atomi zake za juu huachia elektroni na kuingia kwenye maji zikiwa na chaji. Tunaziita ayoni. Zile elektroni zilizoachwa haziwezi kukaa bure, lazima zipate wa kuzipokea. Kwenye maji ya kawaida mpokeaji ni oksijeni iliyoyeyuka humo. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: chuma kinachotoa elektroni, kitu cha kuzipokea, na maji yenye chumvichumvi yanayoruhusu chaji kusafiri. Ukiondoa kimoja, kutu inasimama au inapungua sana.

Kwa watu wa Kigoma mfano mzuri uko bandarini. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya hapa. Wakati ule iliitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa maadui, na kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Chuma kilichokaa majini miaka mingi hivyo kikarudi kubeba abiria na mizigo!

Si muujiza. Grisi ilizuia maji na oksijeni visifike kwenye injini. Na maji yenyewe ya Ziwa Tanganyika si makali kwa chuma: yana ualkali kidogo, pH yake ni karibu 9, na kloraidi yake ni takriban miligramu 27 tu kwa lita. Kumbuka hilo neno kloraidi. Ni ile sehemu ya chumvi ya mezani ambayo chuma hakiipendi kabisa.

Mwili wako ni mkali kuliko ziwa

Sasa tulinganishe. Majimaji ya damu yana kloraidi takriban gramu 3.5 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara mia moja ya ile iliyomo ziwani. Maji ya bahari yana kama gramu 19, kwa hiyo mwili uko katikati, lakini umeelekea upande wa bahari. Ongeza joto la nyuzi 37 usiku na mchana, ongeza oksijeni inayoletwa na damu, ongeza protini zinazoshika ayoni za chuma na kuondoka nazo. Kwa kawaida pH ya damu ni kati ya 7.35 na 7.45, lakini kwenye jeraha jipya au penye maambukizi inaweza kushuka hadi karibu 5, yaani kuwa tindikali.

Ukitaka picha ya karibu, fikiria Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Acha panga la kawaida kando ya maji yale na lingine kando ya ziwa, halafu rudi baada ya mwezi. Huhitaji maabara kuona tofauti. Mwili si mkali kama maji ya Uvinza, lakini msumari wa kawaida wa duka la vifaa vya ujenzi ukiwekwa kwenye mfupa ungeanza kulika siku hiyo hiyo.

Madaktari wa zamani walilijua hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Uingereza, William Arbuthnot Lane, alianza kufunga mifupa kwa pleti za chuma cha pua cha wakati ule. Mifupa ilikaa sawa, ila pleti zililika na nyingine zilikatika. Ilibidi kusubiri hadi karne ya 20, zilipokuja aina mpya: chuma kisichoshika kutu, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, na baadaye titaniamu.

Ngozi nyembamba inayolinda chuma

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Chuma kinachowekwa mwilini hakijaacha kupenda oksijeni. Kinaipenda sana, na hiyo ndiyo siri yake.

Chuma kisichoshika kutu kinachotumika kwenye mifupa kinaitwa 316L. Kile cha daraja la hospitali kina kromiamu karibu asilimia 17 hadi 19, nikeli asilimia 13 hadi 15, na molibdenamu kidogo, kati ya asilimia 2 na 3. Sehemu kubwa iliyobaki ni chuma cha kawaida. Kromiamu ikikutana na oksijeni hutengeneza utando wa oksaidi juu ya chuma chote. Utando huo una unene wa nanomita chache tu. Unywele wa kichwa chako una nanomita 50,000 na kuendelea, kwa hiyo utando ni mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara elfu kumi. Lakini ni mgumu, umeshikana, na hauruhusu atomi za chuma zitoke hovyo.

Kutu ya bati la nyumba ni tofauti. Ile inabanduka, inaacha chuma wazi, nacho kinalika tena. Utando wa kromiamu haubanduki. Na ukikwaruzwa, hujifunga wenyewe ndani ya sehemu ya sekunde, mradi oksijeni ipo. Titaniamu inafanya vivyo hivyo kwa oksaidi yake, tena kwa uimara zaidi.

Utando ukiwa mzima, 316L kwenye majimaji ya mwili hupoteza chini ya mikromita moja kwa mwaka. Chuma cha kawaida kwenye maji ya bahari hupoteza takriban mikromita mia moja. Kwa hiyo yule anayesema "stenlesi hakishiki kutu" yuko karibu na ukweli. Ila kuna lile sharti: mradi oksijeni ipo. Hapo ndipo mkondo wa majimaji unapoingia.

Majimaji ya mwili hayapiti sawa kila mahali

Ukisikia "majimaji ya mwili" usifikirie bilauri iliyojaa maji ya chumvi. Fikiria mito mikubwa, vijito na madimbwi.

Kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni damu inaweza kufikia kasi ya karibu mita moja kwa sekunde kila moyo unapopiga, na moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku. Kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe kasi ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni mkondo wa kweli. Vile vibomba vidogo vya wavu wa chuma vinavyowekwa kufungua mishipa ya moyo iliyoziba, kama wanavyofanya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, vinaishi ndani ya mto huo.

Kwenye kiungo, mfano nyonga, kuna ute unaolainisha. Hautiririki kama damu. Unasukumwa huku na huko kila mtu anapopiga hatua. Mtu anayetembea vizuri hupiga kama hatua milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu.

Kwenye mfupa na misuli, majimaji yaliyo kati ya seli husogea mikromita chache kwa sekunde, au chini ya hapo. Huo ni mwendo wa kinyonga. Hapa ndipo unapokaa msumari wa paja lako.

Je, mkondo ni rafiki au adui? Kwa chuma chenye utando, mara nyingi ni rafiki. Mkondo unaleta oksijeni mpya inayofunga mikwaruzo. Unaondoa tindikali na kloraidi zinazotaka kurundikana sehemu moja. Usidhani damu inabandua utando kwa nguvu zake: msukumo wa damu kwenye ukuta wa mshipa ni paskali chache tu, hauwezi kung'oa oksaidi iliyoshikana na chuma. Lakini mkondo una upande wake wa pili. Unabeba zile ayoni chache zinazotoka na kuzipeleka mbali, kwenye limfu, kwenye damu, hadi kwenye figo. Chuma kinachopona palepale kilipo bado kinaweza kuacha alama kwenye mkojo.

Tatizo kubwa zaidi la 316L ni mahali ambapo majimaji yamekwama.

Kichwa cha skrubu na vilindi vya Tanganyika

Mvuvi wa dagaa hatupi wavu mita mia nne chini. Hakuna kitu kule. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni ipo tabaka la juu tu. Upande wa kaskazini inaishia kama mita mia moja, upande wa kusini kama mia mbili. Upepo unakoroga maji ya juu, nayo yanachukua oksijeni hewani. Maji ya chini hayakorogwi. Oksijeni iliyokuwepo imekwisha tumika, na nyingine haishuki.

Sasa punguza ukubwa huo hadi kwenye pleti iliyofungwa kwa skrubu. Kati ya kichwa cha skrubu na tundu la pleti kuna mwanya mwembamba mno. Majimaji yameingia na hayatoki. Nje ya mwanya kuna oksijeni, ndani imetumika na imekwisha. Utando uliomo ndani ukikwaruzwa, hauna cha kujifungia.

Kinachofuata ni mnyororo. Atomi za chuma na kromiamu zinaanza kutoka ndani ya mwanya. Elektroni zao zinakimbilia nje, kwenye uso mkubwa wa pleti ambako oksijeni ipo ya kuzipokea. Ndani zinabaki ayoni zenye chaji chanya, nazo zinavuta kloraidi kutoka nje. Kisha ayoni za kromiamu zinavunja molekuli za maji na kuacha tindikali. Mwili wote una pH ya 7.4, lakini ndani ya ule mwanya inaweza kushuka chini ya 3. Hiyo ni tindikali ya kukaribia maji ya ndimu, tena yenye chumvi nyingi, imefungiwa dhidi ya chuma kisicho na utando. Kwa hiyo kulika kunaongezeka kasi kadiri kunavyoendelea.

Hii ndiyo sababu wataalamu wanaochunguza pleti za 316L zilizotolewa kwa wagonjwa huangalia kwanza chini ya vichwa vya skrubu. Uso wa wazi unaweza kung'aa kama siku ulipowekwa, huku kwenye mwanya kuna vishimo na weusi.

Ongeza mtikisiko. Kila hatua unayopiga, skrubu na pleti vinasuguana kidogo sana, mikromita chache. Kila msuguano unakwaruza utando palepale ambapo oksijeni haifiki. Kutembea kunasukuma majimaji kidogo kuingia na kutoka kwenye mwanya, jambo jema, lakini wakati huohuo kunakwaruza. Mfupa ukishaunga unabeba mzigo wenyewe, msuguano unapungua, na kulika kunapungua. Mfupa usipounga, chuma kinaendelea kubeba kila hatua. Ndipo kishimo kidogo cha kutu kinakuwa mwanzo wa ufa, na siku moja pleti inakatika.

Kuna faraja kwa wenye misumari. Hospitali nyingi za nchi kama yetu, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), zimetumia misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle ili hospitali zisizo na mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji nazo ziweze kufunga mifupa mirefu. Msumari huo ni wa chuma kisichoshika kutu na hauna tundu refu katikati. Kwa mada yetu hilo lina maana: bomba lenye uwazi ndani lina nafasi ndefu ya majimaji kutuama, fimbo iliyojaa haina. Mianya inayobaki ni pale skrubu zinapopita.

Vyuma viwili visivyofanana

Kosa lingine la zamani ni kuchanganya. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Ubelgiji, Albin Lambotte, alifunga mguu uliovunjika kwa pleti ya magnesiamu na misumari ya chuma. Ndani ya siku nane pleti ilikuwa imesambaratika, na gesi ilijaa chini ya ngozi ya mgonjwa. Magnesiamu hutoa elektroni kirahisi mno. Ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi, vinakuwa betri: magnesiamu inaliwa, chuma kinapona. Ni kanuni ileile inayofanya zinki ilinde bati la nyumba, na inayofanya mabaharia wafunge vipande vya zinki kwenye ganda la meli ili viliwe badala ya meli.

Mwaka 1937 Wamarekani Charles Venable na Walter Stuck waliandika matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba vyuma tofauti vikiwekwa pamoja kwenye mfupa vinaushambulia mfupa kwa umeme wao. Tangu hapo kanuni ya upasuaji ni kwamba skrubu na pleti ziwe za aina moja. Zikinunuliwa kwa vipande kutoka wauzaji tofauti, mtunza stoo wa hospitali ana kazi ya kujua kipi ni kipi. Siyo karatasi tu za ofisini hizo, ni kemia ya mguu wa mtu.

Magnesiamu inageuza kibao

Kumbe kuna wanaotaka chuma kilike! Mfupa ukishaunga, chuma hakina kazi tena. Je, kama kingeyeyuka chenyewe na mgonjwa asirudi kupasuliwa? Magnesiamu ina sifa nzuri kwa hilo. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu zikiwa kwenye mifupa, kwa hiyo si kitu kigeni. Mwaka 2013 skrubu ya magnesiamu ilipata kibali cha kuuzwa Ulaya.

Hapa mkondo unabadilika kuwa adui. Magnesiamu ikikutana na maji hutoa gesi ya haidrojeni na kuacha haidroksaidi ambayo inalinda kidogo uso wake. Gramu moja ikilika yote hutoa karibu lita moja ya gesi. Kwenye majimaji yaliyotulia, ile haidroksaidi inarundikana, pH inapanda, na kulika kunapungua. Kwenye mkondo, mazao hayo yanachukuliwa kabla hayajatulia, na chuma kinabaki wazi. Kwa hiyo skrubu moja ikiwekwa ndani ya mfupa na nyingine ya aina ileile ikiwekwa kwenye mshipa wa damu, hazitadumu muda sawa hata kidogo.

Linganisha basi. Kwa 316L penye hatari ni dimbwi. Kwa magnesiamu penye hatari ni mto. Ukiulizwa "chuma gani ni bora mwilini" bila kuambiwa kitakaa wapi, huna jibu.

Bilauri inaweza kukudanganya

Hili linatugusa moja kwa moja sisi tunaofanya majaribio. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua kipande cha chuma, kukitumbukiza kwenye bika la majimaji bandia, kusubiri wiki kadhaa na kukipima uzito. Majimaji hayo yana mapishi yanayojulikana. Mojawapo lilitoka Japani mwaka 1990 kwa Tadashi Kokubo na wenzake, na lina ayoni kwa viwango vinavyokaribiana na vya damu.

Tatizo ni kwamba bika limetulia. Ukipima magnesiamu humo, pH itapanda kupita 9 na chuma kitaonekana kinadumu kuliko kitakavyodumu kwenye mshipa. Ukipima kipande laini cha 316L kisicho na mwanya wala msuguano, kitaonekana hakina tatizo, wakati pleti halisi yenye skrubu ingekuwa na lake. Bika lilelile, makosa mawili ya aina tofauti.

Ndiyo maana maabara zinazofuatilia mambo haya hutumia pampu ndogo inayozungusha majimaji kwenye mpira, kwa kasi iliyochaguliwa kufanana na sehemu ya mwili. Joto linashikiliwa nyuzi 37, pH inadhibitiwa, na majimaji yanabadilishwa kama figo zinavyofanya. Wengine huongeza albumini, protini iliyo nyingi zaidi kwenye majimaji ya damu, kwa sababu protini hushika ayoni na kubadilisha mwendo wa kulika. Vipande vinavyosuguana vinasuguanishwa makusudi. Pampu ya aina hiyo si kifaa cha ajabu, ni kifaa ambacho chuo chetu chochote kinaweza kuwa nacho. Kwa hiyo msomaji unayesoma uhandisi, unapoona makala inasema chuma fulani "hakikulika kwa siku 30", uliza: majimaji yalikuwa yanatembea au yamesimama?

Swali hilo limewahi kuwa na gharama kubwa. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga bandia yake iitwayo ASR, ambayo chuma cha kobalti na kromiamu kilisuguana na chuma cha aina hiyo hiyo. Takriban watu 93,000 duniani walikuwa wamewekewa. Ute wa kiungo ulipaswa kuvitenganisha vyuma hivyo kila hatua, lakini kwa wagonjwa wengi haukutosha. Utando ulikwaruzwa kila mara, chembe na ayoni za kobalti na kromiamu zikaingia kwenye nyama na damu, na wengi walilazimika kupasuliwa tena.

Kwa hiyo wewe mwenye chuma ufanye nini?

Kwanza, usikatae chuma kwa sababu ya kutu. Kwa mfupa wa paja uliovunjika, hatari ya kubaki na mfupa usiounga au uliounga vibaya ni kubwa kuliko ya ayoni chache zinazotoka kwenye msumari mzuri.

Pili, usikimbilie kukitoa pia. Kwa mtu mzima ambaye mfupa umeunga na hana shida yoyote, madaktari wengi hukiacha, kwa sababu kukitoa ni upasuaji mwingine wenye hatari zake. Kwa watoto wanaokua mara nyingi mawazo ni tofauti. Hilo ni la kujadili na daktari wako, siyo na kijiwe.

Tatu, yajue mambo ya kumrudishia daktari. Maumivu yanayoanza upya baada ya miezi au miaka ya kukaa vizuri. Uvimbe, joto, au usaha unaotoka karibu na kovu. Chuma unachohisi kinacheza. Mguu unaouma kila unapoukanyaga wakati ulishaambiwa mfupa umeunga. Maambukizi yanashusha pH, pH ikishuka utando unapata shida, kwa hiyo usaha karibu na chuma si wa kusubiri upone kwa dawa ya dukani. Na kama ngozi yako huwasha ukivaa saa au hereni za bei rahisi, mwambie daktari kabla ya upasuaji, maana huenda mwili wako haupendi nikeli.

Nne, omba karatasi. Uliza chuma ulichowekewa ni cha aina gani, kimewekwa lini, na skrubu ngapi, kisha itunze pamoja na picha za eksirei. Miaka kumi na tano baadaye, hospitali ikiwa nyingine na daktari ni mwingine, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia kama skrubu anayotaka kuongeza inafanana na pleti iliyomo. Usipokuwa nayo, atalazimika kukisia kwa kutazama eksirei, na eksirei haimwonyeshi kama kile kivuli cheupe ni 316L au ni kobalti na kromiamu.